Je, Ni Halali Kumla Kuku wa Mjane?

Mtu akistaafu kazi ya ualimu hupata kitu kimoja ambacho hakuwa nacho miaka yote ya utumishi wake, nacho ni siku za katikati ya juma. Zamani safari zetu zote zilipangwa na kengele ya shule: likizo ya mwezi wa sita, likizo ya mwezi wa kumi na mbili, basi. Sasa Jumanne yaweza kutukuta Vwawa kwa mtoto wa ndugu yetu, Alhamisi tukawa Nakonde kwa shemeji, na juma linalofuata tumepanda gari la Ileje. Hatuendi mbali wala hatukai sana. Wenzetu wa kwaya wametupa jina kwa ajili ya kutembea huko, nasi hatulikatai. Lakini katika safari hizi ndogo limetuzukia swali ambalo halikutusumbua tulipokuwa na chaki mkononi, na kwa kuwa twajua kwamba wengi wenu nanyi huwatembelea ndugu zenu vijijini, twaliweka mbele yenu.

Swali lenyewe ni hili. Umekwenda kumwona ndugu yako aliye maskini. Ana kuku wawili watatu uani. Kabla hujamaliza kuwasalimu watu wa nyumba wasikia watoto wakimkimbiza kuku nyuma ya jiko, nawe wajua kwamba ni kwa ajili yako. Je, ni halali kumla kuku huyo?

Msicheke, wapenzi wasomaji. Jambo hili lililetwa mezani kwetu na mtoto wetu wa pili, aliyesomea mambo ya mifugo. Tulipomsimulia jinsi dada yetu wa Ileje alivyotukaribisha, hakufurahi pamoja nasi. Alichukua kalamu, akasema, "Baba, mama, mnisamehe. Kuku jike wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, akayaatamia siku 21. Tuseme ameangua vifaranga 10. Mwewe achukue wake, kicheche achukue wake, na kideri kikipita kichukue vyake; tuseme wamesalia 4. Akifanya hivyo mara tatu kwa mwaka ni kuku 12. Sasa siku ile mlikula kuku mmoja au mlikula kuku 12?" Halafu akaongeza neno lililotukaa moyoni, kwamba shangazi yake hana benki nyingine isipokuwa uani, na ya kuwa sisi wenye pensheni tulikwenda kumvunjia benki yake.

Sisi wawili tulifundisha hesabu kwa miaka mingi, kwa hiyo hatukuweza kumwambia kwamba hesabu yake ni mbaya. Hesabu ilikuwa sawa. Swali ni kama hesabu hiyo ndiyo iliyotakiwa.

Jibu la kwanza limjialo mtu mwenye huruma ni kukataa. "Usichinje, dada, tumekwisha kula njiani." Tumewasikia wengi wakisema hivyo, na nia yao ni njema. Lakini tazama neno hilo linafanya nini likifika. Kwanza, mara nyingi si kweli, maana chakula cha njiani kilikuwa mhindi mmoja wa kuchoma pale Mpemba. Pili, mwenyeji hulijua kuwa si kweli. Huelewa kwamba mgeni ameingia, amezungusha macho, ameona paa na vyombo na idadi ya kuku, kisha ameamua kwamba nyumba hii haiwezi kuwa na wageni. Hakuna aliyemtukana, lakini amekwisha kuambiwa kwamba yeye ni maskini, tena ameambiwa na nduguye, tena nyumbani kwake mwenyewe.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema kidogo juu ya watu wa kazi yetu. Mwalimu ni mtu wa kutoa. Asubuhi hutoa somo, mchana hutoa adhabu, jioni hutoa mashauri kwa wazazi. Sisi tuliotoka vyuo vya ualimu miaka ile ya Elimu ya Msingi kwa Wote, mwaka 1977 na iliyofuata, tulitumwa vijijini tukiwa vijana wadogo, na kila mtu alitarajia kupokea kitu kutoka kwetu. Mtu akiishi hivyo miaka 38, mkono wake wa kupokea hukakamaa. Hupenda kuleta sukari, sabuni na chumvi, hupenda kuulizwa maoni, na hupenda kuondoka akiwa anadai. Kwa hiyo tunaposikia mstaafu mwenzetu akijisifu, "Mimi nikienda kijijini sili cha mtu," twajiuliza kama kweli anawahurumia wenyeji wake, ama hapendi tu kuwa mtu aliyefadhiliwa.

Jibu la pili ni kula na kunyamaza, kwa kuwa ndiyo desturi. Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na methali hii ina ukweli ambao mtoto wetu hakuutia katika hesabu. Pale Ileje mgeni mzee aliwekewa firigisi na paja, lakini kuku hakuishia kwetu. Wajukuu wanne walikuwa jikoni. Walipata shingo, mabawa, miguu na mchuzi, na mmoja wao alilamba sahani mpaka bibi yake akamwonea haya. Mjane hawezi kuchinja kuku siku ya kawaida kwa ajili ya wajukuu tu, angejiona mfujaji. Mgeni humpa sababu. Tukiondoka, watoto hao hukumbuka kwamba siku walipokuja wale wazee wa Tunduma walikula nyama, nao hututazama kwa macho mazuri kuliko tunavyostahili.

Hata hivyo desturi peke yake haitutoshi. Desturi ni kama barabara: yafaa kuuliza ilichimbwa kwenda wapi. Na ili kulieleza hilo yatupasa kwanza kuvuka mpaka.

Shemeji yetu anakaa Nakonde, upande wa Zambia. Wageni wa mji huu wasiojua hudhani kwamba kwenda Nakonde ni safari ya ng'ambo. Kwa sheria ni hivyo, na hati yapasa kuwa mkononi. Lakini kwa miguu ni mwendo wa kunyosha viungo tu. Wanamwanga wako huku na huko, na ukoo mmoja una makaburi pande zote mbili. Mstari ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani uliotiwa sahihi Berlin tarehe 1 Julai 1890, na waliotia sahihi hawakuuliza nani ni shemeji ya nani. Basi kati yetu na shemeji kuku wamechinjwa miaka zaidi ya 30. Akija yeye tunachinja, tukienda sisi anachinja. Hakuna aliyehesabu, na mtu akihesabu ataonekana ana kichaa. Hata mzaha tunao: kwamba kuku wa Nakonde wana nyama ngumu kwa kukimbia malori.

Mwezi Mei mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ya Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa muda. Malori yalisimama, na sisi wa miguu tukakaa kila mtu kwake. Tulizungumza kwa simu, tukiwa karibu hata king'ora cha gari kilichosikika kwake tulikisikia na sisi. Katika siku zile mmoja wetu alisema jambo ambalo tangu hapo tumelitafakari: "Sikosi kuku wake. Nakosa kumchinjia." Kwa maana kumbe nusu ya furaha ya kutembelewa ilikuwa ni ile ya kuwa na haki ya kwenda, na nusu ya furaha ya kwenda ilikuwa ni kujua kwamba naye atakuja.

Hiyo ndiyo barabara ambayo desturi ya kuku ilichimbwa kuipita. Ilikuwa barabara ya kwenda na kurudi. Wazee wetu walipotembeleana waliishi maisha yanayofanana. Aliyechinja mwaka huu alichinjiwa mwaka ujao, na ukame ulipowapata uliwapata wote. Kuku hakupotea. Alizunguka katika ukoo kama maji yazungukavyo katika mifereji ya bustani, na kila shamba lilipata zamu yake. Wala isidhaniwe kwamba wazee hawakujua habari ya wageni wanaokula bila kurudisha. Waliijua vizuri sana, ndiyo maana wakatuachia ile methali nyingine ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Methali hiyo, kwa njia, si ya kwetu tu kwa mawazo yake. Kuna kitabu kidogo cha Wakristo wa kwanza kiitwacho Didake, yaani Mafundisho, ambacho wataalamu wengi hudhani kiliandikwa mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kilikuwa kimepotea kwa muda mrefu sana, mpaka nakala yake ya Kigiriki ilipoonekana katika maktaba moja huko Konstantinopoli mwaka 1873, ikaonwa na mtaalamu wa Kanisa la Kigiriki aitwaye Philotheos Bryennios, naye akaichapisha mwaka 1883. Ndani yake makanisa yanafundishwa namna ya kuwapokea wahubiri wasafiri. Mtume akija apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, na ikilazimu, ya pili. Akikaa siku tatu, huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha mahali pa kulala, na akidai fedha, vilevile ni wa uongo. Na msafiri wa kawaida akitaka kuhamia mjini pao, kama ana kazi ya mikono, afanye kazi ndipo ale. Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza tulicheka kwa sauti, kwa maana ni jembe lile lile la siku ya tatu. Katika mkoa wetu mgeni mmoja tu ameruhusiwa kukaa bila kushika jembe, naye ni Kimondo pale Ndolezi, ambapo huwapeleka wajukuu zetu wakija likizo: bonge la chuma kutoka mbinguni linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12 hadi 16, ambalo hakuna aliye hai aliyeliona likiingia, wala halijaaga mpaka leo.

Basi turudi Ileje. Dada yetu, binti wa baba mkubwa, ni mjane. Anakaa kwenye mwinuko mbele ya Itumba, mahali ambapo asubuhi za mwezi wa saba mtu hukaa jikoni mpaka jua lipande. Analima mahindi, maharage na viazi, na ana wajukuu wanne alioachiwa. Siku hizi barabara ya Mpemba kwenda Isongole ina lami, kwa hiyo sisi tunapanda gari asubuhi na saa nne tumekwisha kufika kwenye njia ya miguu. Lami hiyo imetusogeza kwake. Lakini lami haikumsogeza yeye kwetu, maana gari hutaka nauli, na nauli ya kwenda na kurudi ni sabuni na chumvi yake ya miezi kadhaa. Sisi tulikuwa tumekwenda kwake mara sita tangu kustaafu. Yeye alikuwa hajafika kwetu hata mara moja. Kuku sita wameshuka mlima ule matumboni mwetu, na hakuna hata mmoja aliyepanda.

Hapo ndipo tunapoona kiini cha swali. Kuku wa shemeji wa Nakonde na kuku wa dada wa Ileje ni ndege mmoja, na sufuria ni ile ile, na upendo ni ule ule. Kinachotofautiana ni njia. Mmoja anaweza kuja kwetu, na mwingine hawezi. Mtoto wetu aliona ubaya katika kula. Sisi twauona katika njia kuwa ya upande mmoja, hata mtu mmoja akawa mwenyeji siku zote na mwingine akawa mgeni siku zote. Maana mwenyeji wa siku zote hatimaye huwa mtumishi, hata kama mgeni wake ni mpole.

Tusemeje basi juu ya Maandiko? Wengine watatukumbusha habari ya Eliya na mjane wa Sarepta, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 17. Nabii hakukataa chakula cha mjane. Alifanya zaidi: aliomba kupikiwa yeye kwanza, ilhali mama yule alikuwa na konzi ya unga ya mwisho na mtoto wa kulisha. Habari hii hututia moyo tusiwanyime maskini heshima ya kutoa. Lakini ndugu zangu wahubiri, tuitumie kwa hofu. Eliya alitumwa na Mungu katika nyumba ile, tena alikuja na ahadi, na ahadi ikatimia. Unga haukwisha wala mafuta hayakukauka. Sisi tunapanda gari kwa hiari yetu, na hatuna mamlaka ya kumwahidi mjane yeyote kwamba pipa lake halitapunguka. Aliye na mamlaka hayo na aseme. Asiye nayo, akila konzi ya mwisho, ajue kwamba ni ya mwisho.

Msomaji makini atatupinga kwa njia nyingine. Atasema: mnasifu kuku wa kwenda na kurudi, na hali Bwana Yesu, katika Luka sura ya 14, alimwonya mwenye karamu asiwaite jamaa na jirani wenye mali ambao watamwita nao, bali awaite wasio na cha kurudisha. Pingamizi hili ni zito, na tulizungumza juu yake jioni nyingi. Jibu letu ni kwamba tuangalie neno lile lilisemwa kwa nani. Lilisemwa kwa mtu mwenye nyumba na meza. Katika habari yetu, mtu huyo ni sisi. Dada hakuwa mwenye karamu. Yeye ndiye yule aliyepaswa kualikwa. Tena alipotuchinjia hakutazamia chochote, kwa hiyo neno lile amelitimiza yeye bila kulisoma, kwa maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Tazameni meza za mji wetu siku ya Krismasi na siku za kipaimara. Mfanyabiashara humwita mfanyabiashara, mwalimu humwita mwalimu, mzee wa kanisa humwita mzee mwenzake, na kila mtu hurudishiwa pilau yake kabla ya mwaka kwisha. Ndugu wa kijijini huitwa akiwa na mzigo wa kusaidia kubeba au vyombo vya kusaidia kuosha.

Kuna wanaodhani kwamba jambo hili humalizwa na fedha. Mgeni amekula, basi anapoaga huweka noti chini ya sahani au huikunja katika mkono wa mwenyeji, na deni limekwisha. Hatusemi kwamba fedha ni mbaya. Mjane huhitaji fedha kuliko firigisi zetu. Lakini saa ya kuitoa ina maana yake. Sukari iliyoletwa wakati wa kuingia ni zawadi, kwa kuwa hakuna aliyekwisha kutupikia kitu, na hakuna kinacholipwa. Noti iliyoachwa wakati wa kutoka, kuku akiwa bado tumboni, hufanana mno na bei. Nyumba ya dada hugeuka ghafula kuwa hoteli, na yeye kuwa mpishi wake. Sisi, kama tuna fedha ya kumsaidia kununua mbolea, huituma kwa simu mwezi mwingine kabisa, wakati hakuna aliyetembelea wala aliyechinja. Watu wengine husema huo ni ujanja wa walimu. Labda. Lakini tumeona kwamba ile ya mwezi mwingine huipokea kwa kicheko, na ile ya mlangoni aliirudisha.

Tena mwenyeji hulipa kwa vitu vingine zaidi ya kuku. Mwaka 2019 tulikwenda Dar es Salaam kwa treni ya TAZARA, reli ile ya kilomita 1,860 iliyokabidhiwa kwa serikali zetu mbili mwaka 1976, ambayo sisi vijana wa wakati ule tuliiimbia nyimbo. Tulikuwa tunakwenda kwa mtoto wetu mkubwa. Kwake kuku hutoka katika jokofu akiwa amekwisha kukatwa, na wala hakumbuki kama amekula kuku jana. Lakini huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku. Siku ya Jumamosi aliacha kazi iliyokuwa na malipo, akaketi nasi barazani kutwa nzima, akituuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja. Tulijua kwamba hapo ndipo alipotuchinjia. Hatukumwambia, "Mwanetu, nenda kazini, sisi hatuhitaji."

Basi mwaka jana, baada ya mavuno, tulituma nauli Ileje, ya kuja na ya kurudi, na ya mjukuu mmoja wa kumsindikiza. Tulimwambia dada kwamba asije kwa matibabu, wala kwa msiba, wala kutulelea mtoto. Aje kutembea tu. Simu ilinyamaza kidogo, halafu akauliza kama kuna mtu amekufa.

Alikuja siku ya Jumatano. Aliposhuka garini alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na kuku jike hai, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, macho yakizunguka. Alikuwa amemleta kwa ajili yetu. Mmoja wetu alitaka kuanza kusema yale maneno ya tumekwisha kula, mwingine akamkanyaga mguu. Tulimpokea kuku kwa mikono miwili. Kisha tulichinja jogoo wetu, na dada akawekewa paja, na firigisi, ijapokuwa kwa desturi za kwetu firigisi ni ya wanaume. Aliitazama muda mrefu. Akaila.

Alikaa siku nne. Alilala mpaka saa moja asubuhi, jambo ambalo alisema hakulifanya tangu uchumba. Alisema chai yetu ina majani machache na sukari nyingi, kama ya watu wanaoogopa kuugua lakini hawajui namna. Aliketi kwenye kiti cha baba mwenye nyumba na kutuagiza maji. Siku ya tatu tulimkuta bustanini na jembe, na hakuna aliyempa.

Tulimpeleka pia kuutazama mpaka, kwa kuwa wajukuu walikuwa wamemwagiza aone malori. Foleni ilikuwa ndefu siku ile. Madereva walikuwa wamekaa kivulini chini ya magari yao, wengine wa kutoka Dar es Salaam, wengine wa Zambia na wa Kongo, wakingoja karatasi. Dada alitembea polepole akiwatazama. Akauliza, "Hawa wanakula kwa nani?" Tukamwambia wananunua, mama lishe wako wengi. "Na wakikaa siku tatu?" Wananunua siku tatu. "Na nyinyi mnasali hapa karibu?" Tukasema ndiyo, kanisa lipo. Hakuuliza zaidi, wala hatukuongeza neno. Lakini tumelipeleka swali lake katika kikao cha wazee, na huko linajadiliwa, na mtasikia.

Kuku wake alibaki. Hatukumchinja. Ametaga, ameatamia, na mwezi uliopita aliangua vifaranga tisa. Mwewe amekwisha kuchukua mmoja. Mmoja wetu asema vifaranga ni vya dada, kwa kuwa mama yao ni wake na hatukumnunua. Mwingine asema kitu kilichotolewa kimetolewa, na kumrudishia ni kumtukana, sawasawa na kumkataa mlangoni. Hatujapatana bado. Lililo hakika ni kwamba mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza kunyesha milimani, tutapanda gari la Ileje na temba wawili katika kikapu kile kile, tutawatoa wakati wa kuingia, na hatutasema ni wa nani. Akitaka kutuchinjia mmoja wao, tutamla.